Watu wa Bima Mpakani

Mfanyakazi wa bima ya afya mjini Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, haiachi kazi ofisini saa kumi na moja. Sokoni anaulizwa, kanisani anaulizwa, matangani anaitwa kando, na hata mwanaboda anayempeleka nyumbani hugeuza shingo njiani akitaka kujua mbona mkewe aliambiwa hospitalini kwamba jina lake halionekani. Mji wenyewe si mkubwa. Aliyemsajili mwezi uliopita ni jirani, au shemeji, au mwalimu wa mtoto wake. Jambo likikwama Nairobi, lawama zinamfuata yeye hadi mlangoni.

Hapo ndipo ugumu wa kazi hii ulipo. Muuza sukari hupima kilo, mteja akaondoka nayo. Mtu wa bima hutoa ahadi, na ahadi hiyo itatimizwa na watu wengine, siku nyingine: tabibu wa zamu, karani wa hospitali, mitambo ya kompyuta, mhasibu wa makao makuu anayetakiwa kuilipa hospitali kwa wakati. Wote hao hana amri juu yao. Katika jiji kubwa angeweza kujificha ndani ya umati. Busia, na Tororo upande wa Uganda, hakuna umati wa kujificha.

Upande wa Kenya ahadi hii ina umri mrefu. Hazina ya taifa ya bima ya hospitali, NHIF, ilianzishwa mwaka 1966 ikiwa idara ya Wizara ya Afya, na sheria ya mwaka 1998 ikaifanya shirika la serikali. Kwa miaka mingi ilikuwa hasa bima ya wenye payslip: walimu, polisi, makarani wa forodha. Waliojiajiri walikaribishwa kwa hiari yao, na kuanzia mwaka 2015 mchango wao ulikuwa shilingi 500 kwa mwezi, mume, mke na watoto wakiwa ndani ya kadi moja. Kwa mji ambao ndio chimbuko la boda boda, tangu enzi za baiskeli zilizovusha wasafiri mpakani miaka ya 1960, kiasi hicho kilieleweka. Mwanaboda aliweza kuweka kando kidogo kidogo, mwisho wa mwezi akalipa kwa simu. Mwezi mbaya ukija alikosa, akaja dawatini kuuliza faini ni kiasi gani, akaanza upya. Wafanyakazi wa madawati ya NHIF waliijua mizunguko hiyo kama wanavyozijua siku za soko.

Kisha mambo yakabadilika kwa kasi. Tarehe 19 Oktoba 2023 Rais William Ruto alitia saini Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii, na kuanzia tarehe 1 Oktoba 2024 NHIF ikaipisha Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Kati ya tarehe hizo mbili mahakama ziliivuta sheria hiyo huku na huku: Novemba 2023 Mahakama Kuu iliisimamisha, Julai 2024 majaji watatu wakasema inakiuka Katiba, na Septemba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikasitisha hukumu hiyo mpango ukaendelea.

Magazeti yaliandika sana juu ya mawakili na mawaziri. Machache yaliandikwa juu ya aliyekuwa dawatini wakati huo wote. Sheria mpya haikumhamisha mfanyakazi wa NHIF moja kwa moja kwenda SHA. Ilisema mamlaka mpya itaajiri kwa ushindani, na asiyepata nafasi atapelekwa kwingine katika utumishi wa umma au ataondoka. Basi mtu huyo alikaa mwaka mzima akiwaeleza wananchi faida za mpango mpya, huku mwenyewe hajui kama mpango huo una kiti chake. Asubuhi anawahimiza watu wajisajili, jioni anasoma habari za kesi kwenye simu. Ni haki kusema kwamba nchi iliwadai wafanyakazi hawa utulivu ambao yenyewe haikuwapa.

Hesabu nazo ziligeuka. Mwenye mshahara sasa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote. Anayepata shilingi 20,000 alikuwa akikatwa 750 na NHIF; sasa anakatwa 550. Anayepata 100,000 alikatwa 1,700. Sasa ni 2,750. Kwa hiyo dawati hupokea watu wa aina mbili, wanaoshukuru kimya na wanaolalamika kwa sauti, na wa pili ndio wanaopanga foleni.

Kwa asiye na mshahara, shughuli ni ndefu zaidi. Mchango wake wa chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, lakini kiwango chenyewe hupatikana baada ya kujibu maswali ya kupima uwezo wa kaya. Nyumba imeezekwa kwa nini? Sakafu ni ya udongo au saruji? Maji mnateka wapi? Choo ni cha aina gani? Mnapikia kuni, makaa au gesi? Ng'ombe wangapi, mbuzi wangapi? Mtu anaweza kuyajibu mwenyewe kwa kubonyeza *147# kwenye simu, ila wengi hutaka kusaidiwa. Tazama basi kijana wa dawatini akimuuliza mama wa Teso, mwenye umri wa mama yake mzazi, habari za choo chake mbele ya watu waliopanga foleni nyuma yake. Kwa mila za huku hayo si maswali ya kumtupia mtu mzima hadharani. Mwenye busara husogeza kiti, hushusha sauti, humwita Mama, humsalimu kwa Kiteso au Kisamia kwanza, na swali la choo huliweka mwisho. Hakuna mafunzo ya ofisini yanayomfundisha hayo, wala hakuna mahali pa kuyaandika kwenye ripoti ya mwezi, ingawa bila hayo fomu haijazwi.

Maswali yakiisha, simu inatoa kiasi cha mwaka. Hapo ndipo wengi wanaposimama. Hata aliyepangiwa kiwango cha chini anatakiwa kutoa shilingi 3,600 kwa mkupuo, na mwanaboda aliyezoea kulipa 500 kila mwezi anaona mlima. Mwaka 2025 serikali ilileta Lipa SHA Pole Pole, mpango wa kukopeshwa mchango na kulipa kwa awamu. Ni hatua nzuri, na ingefaa ije siku ya kwanza badala ya kuja baada ya watu kukata tamaa.

Usajili mwingi hata haufanyiki ofisini. Hufanywa vijijini na wahamasishaji wa afya ya jamii, wale waliopewa mikoba ya vifaa na simu Septemba 2023, takriban 100,000 nchi nzima. Posho yao ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Hawahesabiwi kuwa wafanyakazi wa bima. Hata hivyo ndio wanaojua boma lipi lina mjamzito na lipi lina mzee wa kisukari, na bila wao takwimu za usajili wa Bunyala au Teso Kaskazini zingekuwa nyembamba. Bunyala yenyewe ilionyesha njia mapema: mwaka 2012 wahudumu wa afya wa kujitolea na wenzao wa mpango wa afya wa AMPATH walianza huko vikundi vya wajawazito na mama wachanga, Chamas for Change, ambamo wanawake walifundishana afya, wakaweka akiba pamoja na kuhimizana kujiunga na bima. Mama aliyeambiwa habari za bima na mwanachama mwenzake huzipokea tofauti na aliyeziona kwenye bango.

Ofisi ya pili ya mtu wa bima ni hospitali. Huko ndiko ahadi inapojaribiwa. Mama akijifungua kwa njia ya kawaida, SHA hulipa hospitali shilingi 10,000, akipasuliwa, 30,000. Mgonjwa wa figo akisafishwa damu, kila kikao ni 10,650. Kabla ya hapo lazima mgonjwa atambuliwe, na siku hizi hutambuliwa kwa alama za vidole. Jambo hilo linaonekana dogo mpaka umwone mzee aliyelima kwa jembe miaka hamsini akibonyeza kioo cha mashine, mara ya kwanza, mara ya pili, akipanguswa kidole kwa kitambaa, akijaribu gumba, mashine isimtambue. Ngozi imelika. Foleni inanung'unika. Karani anatafuta njia nyingine ya kumthibitisha, na wakati wote huo mzee anatazama chini kama mtu aliyeshikwa na kosa. Hana kosa lolote. Mashine ilibuniwa bila kumfikiria mtu wa kazi za mikono, na aibu inawafikia yeye na karani.

Mashine hizo zina sababu yake. Agosti 2025 Waziri wa Afya Aden Duale alisimamisha makumi ya hospitali kwa tuhuma za udanganyifu: wagonjwa hewa, mgonjwa wa kutwa kuandikwa amelazwa, huduma ndogo kudaiwa kwa bei ya huduma kubwa. Kazi ya kuyafichua hayo ni ya maafisa wa madai na ukaguzi. Huingia wodini bila taarifa, huhesabu vitanda, hulinganisha daftari la chumba cha upasuaji na madai yaliyotumwa, hupiga simu kwa mgonjwa kumuuliza kama kweli alilala siku nne. Ni kazi ya upweke. Mkaguzi aliyezaliwa eneo hili anaweza kumkuta mwenye zahanati aliyesoma naye, na kila anayemkamata ana ndugu.

Lakini hospitali nazo zinadai, na wafanyakazi wanalijua hilo vizuri. NHIF iliacha madeni ya mabilioni kwa hospitali. Februari 2025 chama cha hospitali za binafsi, RUPHA, kilitangaza wanachama wake wangetaka fedha taslimu. Machi mwaka huo Rais Ruto aliagiza hospitali zinazodai shilingi milioni 10 au chini ya hapo zilipwe zote, na zinazodai zaidi zihakikiwe. Hospitali isiyolipwa hukosa dawa, na mgonjwa mwenye bima huandikiwa akanunue duka la nje. Mgonjwa huyo haendi Nairobi kuuliza. Anarudi kwa aliyemsajili.

Ukipita Malaba, ukayaacha malori yaliyopanga foleni na kuelekea ulipo ule mwamba mkubwa juu ya mji wa Tororo, kazi ya bima inakuwa nyingine kabisa. Uganda haina bima ya afya ya taifa. Bunge lilipitisha mswada tarehe 31 Machi 2021, Rais hakuutia saini, na ukafa na muhula wa Bunge hilo. Tangu mwaka 2001 vituo vya serikali havitozi ada, kwa hiyo muuza bima wa Tororo anashindana na huduma ya bure. Akisifu kadi yake, mteja anamkumbusha kwamba hospitali ya wilaya haidai kitu. Naye hujibu kwa jambo ambalo kila mtu wa huko amewahi kulipitia: kituo ni bure, lakini dawa ikiwa imeisha utainunua nje, na pesa hiyo ndiyo inayoumiza.

Kwa sababu hiyo hazunguki nyumba kwa nyumba. Hubisha hodi mahali penye orodha ya mishahara: kiwandani, kwenye shule za binafsi, kwenye mashirika. Uganda malipo ya bima za aina zote hayafiki asilimia moja ya pato la taifa, hivyo wateja wa afya wanaogombewa ni wachache, na wakala hulipwa kamisheni. Mwajiri mmoja akihamia kampuni nyingine, mapato ya wakala ya mwaka mzima yanaporomoka. Leseni yenyewe haipatikani kirahisi: kuna mtihani wa umahiri wa kufaulu kwanza, na sheria ya bima ya mwaka 2017 imeyaweka hata mashirika ya huduma za afya chini ya mdhibiti wa bima.

Wapo Waganda waliofanikiwa kuwafikia wakulima. Hospitali ya Kisiizi, kusini-magharibi, imekuwa na bima ya jamii tangu mwaka 1996. Iliingia kupitia vikundi vya engozi, yaani wanakijiji walioungana kubeba wagonjwa kwa machela na kuzikana. Waendeshaji hawakuanza kwa kumshawishi mtu mmoja mmoja. Walikuta watu wameshaaminiana wakajengea hapo. Mashariki nako vikundi vya kuzikana na vya akiba vipo kila kijiji. Ajabu ni kwamba kampuni bado zinatuma wakala mmoja mwenye mkoba badala ya kwenda kukaa na vikundi hivyo.

Na katikati ya yote kuna mpaka. Mwaka 1902 Waingereza walikata mkoa wa mashariki wa Uganda wakautia upande wa Kenya, na Wasamia na Waiteso wakajikuta pande mbili. Kituo cha pamoja cha mpakani Busia kilizinduliwa na Rais wa Kenya wakati huo, Uhuru Kenyatta, na Rais Museveni wa Uganda Februari 2018, na mizigo inapita kwa urahisi zaidi. Kadi ya bima haipiti. Mwanamke aliyeolewa Busia ya Uganda, mwenye mama mzazi Busia ya Kenya, huja kujifungulia kwao kama mila inavyoruhusu. Kama hana kitambulisho cha Kenya, dawati halina fomu inayomtosha. Mfanyakazi wa kampuni ya Tororo anayeugua akiwa Malaba ya Kenya hukuta kadi yake haijulikani hospitali iliyo karibu. Sheria ya Kenya ya mwaka 2023 inamtaka mgeni wa chini ya miezi 12 awe na bima ya safari, sharti linalomfaa anayeshuka Jomo Kenyatta kwa ndege, si muuza nyanya anayevuka kwa miguu alfajiri na kurudi saa nane.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, inayotumika tangu tarehe 1 Julai 2010, inampa mfanyakazi aliyevuka mpaka haki ya hifadhi ya jamii ya nchi aliyomo, na imeliachia Baraza la Mawaziri litunge kanuni. Wafanyakazi wa bima wa Busia na Tororo wangeweza kuwasaidia mawaziri kuzitunga, kwa sababu kila wiki wanawarudisha watu ambao kanuni hizo zingewahudumia. Wangeanza na mambo mawili: mama anayejifungua na ajali ya barabarani, kila upande ulipe gharama za mtu wake popote alipotibiwa ndani ya wilaya na kaunti za mpakani. Orodha ya vituo vya afya ipo pande zote mbili, na watu wenyewe wanahesabika.