Kuendesha Gari kwa Ulevi: Sheria Inasema Nini, na Msaada wa Haki ni Upi?

Simu ya usiku wa Jumamosi huitikisa familia nzima: kijana aliyetoka kusherehekea harusi amekamatwa akiendesha gari akiwa amelewa. Mara nyingi ndugu huulizana kwanza: tumwone nani ili mambo yaishe? Makala hii inafafanua sheria ya Kenya, na kuonyesha kwa nini msaada halali wa kisheria haupingani na toba.

Kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki kinamhusu mtu anayeendesha gari, anayejaribu kuliendesha au mwenye gari chini ya usimamizi wake barabarani au mahali pa umma, hali kileo au dawa za kulevya zimemwondolea uwezo wa kulimudu. Kwa hiyo, kusema kwamba gari lilikuwa limesimama si kinga. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 100,000, kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Na kwa kawaida aliyetiwa hatiani hupoteza haki ya kuwa na leseni kwa miezi 12. Ikiwa uendeshaji wa hatari umesababisha kifo, kifungu cha 46 kinaruhusu kifungo cha hadi miaka 10.

Hata hivyo, mshtakiwa ana haki zake. Kwa mujibu wa Ibara ya 49 ya Katiba ya mwaka 2010, anaweza kunyamaza, kuwasiliana na wakili na kuomba dhamana yenye masharti ya haki. Ni lazima afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya mahakama inayofuata endapo muda huo utamalizika mahakama ikiwa imefungwa. Ibara ya 50 inamhesabu kuwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kuomba huduma chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016.

Wakili huchunguza ushahidi, humweleza mteja maana ya kukiri kosa kabla hajajibu mashtaka, na huieleza mahakama hali yake ili adhabu iwe ya haki. Hongo ni jambo jingine kabisa. Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 inawatia hatiani mtoaji na mpokeaji. Familia inayohonga huongeza kosa juu ya kosa, na kumrudisha kijana barabarani bila funzo lolote.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2290, inafundisha kwamba anayehatarisha usalama wake na wa wengine barabarani kwa ulevi ana hatia nzito. Mwongozo wa uchungaji wa barabarani, uliotolewa Vatican mwaka 2007, unahimiza pia kuzisaidia familia za waathirika, na kuwakutanisha mkosaji na aliyeumizwa kwa wakati ufaao ili waonje ukombozi wa msamaha.

Basi, ndugu waamini, tumsindikize mwenzetu mahakamani, tukimhimiza kusema kweli; na tusimsahau aliyelazwa hospitalini. Na kabla ya harusi ijayo, tukubaliane mapema ni nani hatakunywa, ili atufikishe sote nyumbani salama.