Daktari Kirk na Njia ya Pwani

Mwaka 1866 alifika Unguja daktari mmoja Mskochi, jina lake John Kirk. Kazi aliyopewa ilikuwa ndogo, kuwatibu watu wa ubalozi wa Kiingereza. Lakini hakuwa mgeni wa mambo ya nchi hizi. Tangu 1858 hata 1863 alikuwa tabibu katika safari ya Dr. Livingstone kwenye mito ya Zambezi na Shire, akaona huko vijiji vilivyobaki vitupu, wenyewe wamechukuliwa utumwani.

Siku zile biashara ya watumwa ilikuwa halali Unguja. Watu walikamatwa bara, wakafungwa shingo kwa panda za miti na minyororo, wakashushwa hata Bagamoyo na Kilwa, wakavushwa kwa majahazi mpaka soko la Mkunazini. Waliougua njiani waliachwa. Daktari aweza kumfunga mtu jeraha, akampa dawa ya homa. Lakini penye soko kama lile, kesho yake wataletwa wengine wenye majeraha yale yale. Basi Kirk alipopandishwa cheo akawa balozi, hakuacha kuisema habari hiyo.

Mwaka 1873 alimwendea Sultani Barghash bin Said mara nyingi. Sultani alikuwa katika dhiki: mwaka uliotangulia kimbunga kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na matajiri waliomzunguka walipata mali kwa biashara ile. Wala maneno ya Kirk hayakwenda peke yake, maana serikali yake ilitisha kuleta merikebu za vita na kukizuia kisiwa. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani alitia sahihi mkataba, na soko likafungwa.

Lakini mkataba ulizuia njia ya bahari. Haukuzuia kuwaswaga watu kwa miguu. Wachuuzi wakaliona hilo upesi. Waliwatoa watumwa Kilwa, wakafuata pwani kwenda kaskazini, wakipita nyuma ya Dar es Salaam na Bagamoyo mpaka Pangani, na kutoka huko wakawavusha kwa siri kwenda Pemba penye mashamba ya karafuu. Safari ya siku chache chomboni ikawa mwendo wa majuma mengi, kwa njaa na kiu. Frederic Elton, mtumishi wa ubalozi, alipita njia hiyo mwisho wa 1873 na mwanzo wa 1874, na katika muda wa mwezi mmoja hivi alihesabu watumwa zaidi ya 4,000.

Habari hiyo ilikuwa aibu kwa wale waliojisifu kwa mkataba, na mtu mwingine angaliificha. Haikufichwa, iliandikwa, ikapelekwa London. Kirk naye akamrudia Sultani, akasema naye tena, hata mwaka 1876 Barghash akatoa amri za kukataza misafara ya watumwa katika nchi kavu pia.

Kirk alipewa heshima na Malkia wake, akaitwa Sir. Hata kima punju wa msitu wa Jozani wataalamu wamempa jina lake, kwa kuwa alipenda sana elimu ya miti na wanyama. Lakini mtu akiisha kufunguliwa mnyororo, hakosi vidonda, na mara nyingi hana kwao pa kurudi. Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliofika Bagamoyo mwaka 1868, walikuwa na kijiji cha watumwa waliokombolewa, na masista waliwauguza wagonjwa. Walioviosha vidonda vile kila siku, wazungu kwa weusi, majina yao hayakumbukwi na wengi, wala hakuna kima aliyeitwa kwa jina lao.

Utumwa wenyewe haukuondoka upesi. Sheria iliacha kuutambua Unguja mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922. Mwaka huo huo wa 1922, mwezi wa Januari, Kirk alifariki Uingereza, umri wake miaka 89.