Je, Wajua? Jicho, Sikio na Pua Mbele ya Hakimu

Je, wajua kwamba kipofu mmoja wa London alijikwaa kwenye nyundo mwaka 1956 akawa kiziwi pia? Alikuwa akienda kazini peke yake, fimbo nyeupe mkononi. Mafundi wa shirika la umeme walikuwa wamechimba mtaro kando ya barabara, na badala ya uzio wa maana wakaweka nyundo ya mpini mrefu. Mwenye macho angeiona. Fimbo haikuigusa, mguu ukaigonga, naye akaanguka vibaya. Akashtaki, akashindwa, akakata rufaa, akashindwa tena! Mwaka 1964 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ikampa ushindi. Majaji walielezwa kwamba mtu mmoja kati ya 500 hivi jijini humo alikuwa haoni, wakasema anayechimba njia ya watu lazima amkumbuke na huyo. Kesi hiyo, Haley dhidi ya London Electricity Board, wanafunzi wa sheria huisoma mpaka leo.

Nyundo nyingine hii hapa. Mwaka 1947, fundi wa gereji ya halmashauri moja ya London alikuwa akigonga bolti yenye kutu, chuma kikaruka kikaingia jichoni. Ajabu ni kwamba alikuwa na jicho hilo moja tu linaloona! Mwajiri alijitetea kuwa si kawaida kuwapa mafundi miwani ya kinga. Majaji wakamjibu: aliyebakiwa na jicho moja, mlinde zaidi.

Shika na hili. Katika sheria za Mfalme Æthelberht wa Kent, za miaka ya 600 hivi, ukimkata mtu sikio ulilipa shilingi 12. Sikio likibaki kichwani lakini lisisikie kitu? Shilingi 25! Na jicho, shilingi 50.

Na katika fikihi ya Kiislamu, anayempotezea mwenzake uwezo wote wa kusikia hudaiwa diya kamili, sawa na ya roho: ngamia 100. Jicho moja ni ngamia 50. Imepokewa kwamba Khalifa Umar aliamuru diya nne kwa mtu mmoja aliyepigwa jiwe la kichwa akapoteza kusikia, akili, usemi na nguvu za kiume. Diya nne, na mwenyewe yu hai!

Unajua kuhesabu? Mtumishi wa serikali kuu ya Marekani akipoteza kusikia kwa sikio moja kazini, sheria humpa fidia ya wiki 52. Masikio yote mawili si wiki 104, ni wiki 200! Jicho ni wiki 160, na kidole cha shahada wiki 46.

Pua je? Neva za kunusa hupenya vitundu vidogo vya mfupa ulio juu ya pua. Pigo la kisogoni, mbali kabisa na pua, laweza kuzikata, na majeruhi akaja kugundua baadaye kwamba hasikii harufu ya gesi wala ya mchuzi unaoungua. Mwambie wakili wako na hilo, maana Uingereza mwongozo wa majaji una kifungu chake cha kunusa na kuonja.

Muziki nao waumiza! Mwaka 2012 mpiga viola wa Royal Opera House, London, aliketishwa mbele ya matarumbeta wakati wa mazoezi ya opera ya Wagner. Sauti ikapita desibeli 130, sikio likaharibika. Alishinda 2018, na rufaa ya 2019 ikampa haki tena.

Mwaka 2023 kampuni ya 3M ilikubali kulipa dola bilioni 6 kwa wanajeshi wa Marekani waliosema viziba masikio vyake havikuwakinga. Bilioni sita!

Na kwetu? Kenya, kanuni za mwaka 2005 zinakataza mfanyakazi kukaa kwenye kelele inayozidi desibeli 90 kwa saa 8. Tanzania, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi huchangiwa na mwajiri peke yake. Mfanyakazi hakatwi hata senti. Ila angalia kalenda, ndugu yangu: nchi zote mbili zinakupa miezi 12 tu ya kudai fidia hiyo ya kazini. Kenya, dai likishafikishwa kwa mwajiri au bima yake, sheria inampa siku 90 alipe.