Kiluwiluwi hufa akikaribia kuwa chura

MVUA za masika zinaponyesha Pwani, madimbwi hutapakaa katika vichochoro vya Kongowea, na baada ya siku chache maji hayo hujaa viluwiluwi weusi. Watoto huwateka kwa makopo na kuwapeleka nyumbani. Wengi hufia humo, na mara nyingi hufa wakati mlezi anapodhani kazi imekwisha.

Mwanzoni malezi ni mepesi. Kinachohitajika ni beseni pana lenye maji ya kina kifupi, likae kivulini. Maji ya mfereji yenye klorini yaachwe wazi siku nzima kwanza. Ya kisima chenye chumvi hayafai. Chakula ni jani la mchicha lililochemshwa, ambalo sokoni Kongowea halina bei. Kipande kidogo chatosha, kwani chakula kilichooza huwaua viluwiluwi upesi kuliko njaa.

Beseni lifunikwe kwa chandarua. Mbu wanaoeneza chikungunya na homa ya dengi hutaga katika maji kama hayo, na Mombasa ilikumbwa na mlipuko wa chikungunya kuanzia mwishoni mwa 2017 hadi 2018. Afisa wa afya akilimwaga beseni lililo wazi, hastahili lawama.

Baada ya majuma kadhaa miguu ya nyuma huchomoza, kisha ile ya mbele. (Kwa salamanda, jamaa wa chura mwenye mkia ambaye hapatikani Afrika kusini mwa Sahara, miguu ya mbele ndiyo hutangulia, na mkia wake hubaki maisha yote.) Mageuzi hayo huongozwa na homoni ya tezi ya shingoni. Mwaka 1912 mtafiti J. F. Gudernatsch aliwalisha viluwiluwi tezi hiyo, nao wakageuka vyura wadogo mno kabla ya wakati wao.

Miguu ya mbele ikishatokeza, hatari huanza. Mashavu ya kupumulia majini hunywea, na mapafu hushika kazi. Mdomo uliokuwa ukikwangua mwani hupanuka uwe wa kunasa wadudu, na utumbo mrefu wa mla majani hufupika. Siku hizo mnyama hali kitu. Huishi kwa mkia wake, ambao haukatiki kama wengi wanavyodhani bali hufyonzwa na mwili. Akikosa mahali pa kupanda, huzama katika maji yale yale yaliyomlea.

Dawa yake ni kuliinamisha beseni ili upande mmoja uwe mkavu, au kuweka jiwe lenye mteremko. Mkia ukiisha, apewe nzi wadogo wanaofuata ndizi zilizooza. Mchicha hautazami tena.

Kisha arudishwe dimbwi alikotoka, si kwingine. Kuna kuvu, kitridi, inayoshambulia ngozi ya vyura na kuhama nao. Mwaka 2003 ilikutwa kwa vyura wa maporomoko ya Kihansi, Tanzania, waliokwisha kudhoofishwa na bwawa la umeme lililopunguza maji. Mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka porini. Waliobaki ni uzao wa vyura 499 waliopelekwa Marekani mwaka 2000, na kuanzia 2012 baadhi walirudishwa Kihansi.

Walezi wao waliepuka taabu moja: chura wa Kihansi huzaa vyura kamili, hivyo hana kiluwiluwi wa kuzama.