Daktari Akiandika Kinyume Chako: Haki ya Askari Mstaafu wa Marekani

Watu wengi hudhani kwamba neno la daktari likiisha kuandikwa, shauri limekwisha. Mkulima apelekaye kahawa kiwandani ajua kwamba karani wa mizani aweza kukosea, naye husimama kando na kutazama mshale unapotua. Lakini mkulima huyo huyo akipewa barua ya daktari, huikunja, akaitia mfukoni, akaenda zake. Katika madai ya ulemavu ya askari wastaafu wa Marekani tabia hiyo yaweza kumpotezea mtu malipo ya maisha yake yote, na tena bila sababu, maana sheria ya nchi ile imempa njia ya kujibu.

Jambo hili si geni kwa watu wetu. Vijana wengi wa Kenya na nchi jirani wamehamia Marekani, na mwenye hati ya ukazi wa kudumu huruhusiwa kuandikishwa katika jeshi la huko. Tena mwaka 2009 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilianzisha mpango wa kuandikisha wageni wenye ujuzi wa utabibu au wa lugha zilizohitajiwa, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha hizo. Uandikishaji wa mpango huo ulisimama mwaka 2016, lakini walioingia walitumika, na wengine walitoka na magoti mabovu, migongo yenye maumivu, masikio yanayovuma au usingizi uliowakimbia. Idara ya Askari Wastaafu huwalipa wenye ulemavu hata kama wamerudi kukaa nje ya Marekani. Basi yafaa ndugu zao nao walifahamu jambo hili, wapate kuwashauri.

MAMBO MATATU YA KUTHIBITISHA

Mwenye kudai malipo hana budi kuonyesha mambo matatu. La kwanza, ana ugonjwa au kilema sasa. La pili, alipokuwa jeshini alipatwa na jambo fulani, kama vile kuumia, kuugua, au kukaa penye kelele za mizinga. La tatu, hayo mawili yameungana, yaani ugonjwa wa leo umetokana na jambo la siku zile. Ikikubaliwa hivyo, Idara humpimia ulemavu wake kwa makumi, tangu 0 hata 100 kwa mia, na malipo hufuata kipimo hicho.

Ili kupata maoni ya utabibu, Idara humwita mdai kwa mchunguzi. Huyu huwa mtumishi wa Idara yenyewe au wa kampuni iliyopewa kazi hiyo kwa mkataba. Kazi yake si kutibu, wala si yeye akataye shauri. Huandika taarifa tu, na mwamuzi wa madai huisoma pamoja na karatasi nyingine zote. Hapa ndipo penye jambo kubwa ambalo wengi hawalijui: taarifa ya mchunguzi ni ushahidi mmoja, na ushahidi waweza kujibiwa kwa ushahidi.

Tena kipimo cha sheria si kigumu kama watu wanavyodhani. Mchunguzi hatakiwi kusema kwa hakika kwamba goti liliharibiwa na jeshi. Huulizwa kama yamkini ni nusu kwa nusu au zaidi. Na mwamuzi akiona kwamba ushahidi wa pande mbili unakaribia kulingana, sheria yamwamuru ampe askari faida ya shaka hiyo.

MFANO WA ASKARI MMOJA

Tuseme kuna askari aliyeruka kutoka garini mwaka 2011, akaumia goti. Mtabibu wa kikosi alimfunga kitambaa, akampa vidonge, asiandike neno. Askari akatoka jeshini mwaka 2014, na goti likazidi kumsumbua mwaka hata mwaka. Mwaka 2023 akapeleka madai. Mchunguzi akakiri kwamba goti lina ugonjwa wa viungo, lakini akaandika kwamba haukutokana na utumishi, kwa kuwa hakuna karatasi ya matibabu ya wakati ule. Madai yakakataliwa. Je, afanye nini?

Kwanza na aisome sababu iliyomo katika barua ya Idara, kisha aombe nakala ya taarifa yenyewe ya mchunguzi. Fomu ya kuomba ni ile yenye nambari 20-10206. Asijibu kabla ya kuisoma, maana huwezi kung'oa mti usioujua mizizi yake.

Pili, na aisome kwa kalamu mkononi, akijiuliza maswali haya. Je, mchunguzi alizisoma karatasi zangu zote? Je, ameandika sawasawa niliyomwambia? Je, ametoa sababu ya maoni yake, au amesema tu kwamba siyo? Ikiwa ni kiungo, je, alikipima kwa chombo cha kupimia pembe, na je, aliuliza habari za siku zile maumivu yanapozidi?

Swali hilo la mwisho lina fedha ndani yake. Goti zima hukunjika hata digrii 140. Katika vipimo vya Idara vya kukunja goti, likikomea digrii 45 hupata 10 kwa mia, na likikomea digrii 30 hupata 20 kwa mia. Mtu aliyepimwa asubuhi ya siku njema aweza kuandikiwa pungufu ya hali yake. Mwaka 2017 mahakama inayosikiliza kesi za wastaafu iliamua kwamba haitoshi mchunguzi kusema hawezi kukadiria kwa sababu hakuwaona wagonjwa siku ya maumivu makali. Yampasa aulize na kukadiria kwa habari anazoweza kuzipata.

Mahakama hiyo hiyo imetoa maamuzi mengine ya kukumbukwa. Mwaka 2007 iliamua kwamba Idara ikiisha kumpa mtu uchunguzi, hapana budi uwe uchunguzi wa kutosha. Mwaka huo huo, katika kesi nyingine, iliona kwamba taarifa haitoshi ikiwa mchunguzi ametegemea kukosekana kwa karatasi za jeshini bila kuyajali maneno ya askari aliyesema kwamba aliumia huko. Na mwaka 2008 ilisema kwamba uzito wa maoni ya daktari hutoka katika sababu anazozitoa. Askari wa mfano wetu basi ana neno la kusema: mchunguzi wake amefanya kosa lile lile.

KUJIBU KARATASI KWA KARATASI

Wahenga walisema kwamba mwenye kelele hana neno. Kumwandikia Idara kwamba daktari alikuwa na kiburi, au kwamba alimaliza kazi kwa dakika kumi, hakusaidii sana peke yake. Kinachosaidia ni kuonyesha ni lipi aliloliacha, na kuleta kilicho bora kuliko alichokiandika.

Kilicho bora kwanza ni barua ya daktari mwingine, hasa yule amtibuye mtu siku zote. Barua hiyo iseme kwamba amezisoma karatasi za mgonjwa, itaje ugonjwa, itumie kipimo kile cha nusu kwa nusu au zaidi, na ieleze kwa nini. Barua ya mstari mmoja isiyo na sababu ina udhaifu ule ule wa taarifa inayopingwa.

Kisha kuna ushahidi wa watu wasio madaktari. Askari mwenziwe aliyemwona akichechemea kambini aweza kuandika aliyoyaona. Mkewe aweza kueleza jinsi mumewe ashindwavyo kupanda ngazi, au aamkavyo usiku akitetemeka. Watu hawa hawawezi kueleza yaliyofichika mwilini, lakini waliyoyaona kwa macho ni ushahidi halali, na Idara ina fomu ya kuyaandikia, nambari 21-10210.

NJIA TATU NA MUDA WAKE

Tangu Februari 2019, chini ya sheria iliyopitishwa mwaka 2017, aliyekataliwa ana njia tatu. Ya kwanza ni kupeleka madai ya nyongeza, fomu 20-0995, pamoja na ushahidi mpya unaohusu shauri. Aliyepata barua ya daktari mwingine hupita hapa. Ya pili ni kuomba mwamuzi wa cheo cha juu alitazame shauri upya, fomu 20-0996. Hapa haukubaliwi ushahidi mpya, lakini mtu aweza kuomba kuzungumza naye kwa simu na kumwonyesha kosa lililomo katika karatasi zile zile. Naye akiona uchunguzi haukutosha, aweza kulirudisha shauri ili ufanywe mwingine. Ya tatu ni kukata rufani kwa Halmashauri ya Rufani, fomu 10182, mbele ya jaji. Njia hii huchukua muda mrefu zaidi. Na akishindwa huko, bado aweza kwenda mahakamani kabla siku 120 hazijapita.

Muda wa kushika ni mwaka mmoja tangu tarehe ya barua ya kukataliwa. Mwaka ukipita, njia ya pili na ya tatu hufungwa. Madai ya nyongeza bado yaweza kupelekwa, lakini hasara yake ni kubwa: anayeendelea bila kuuacha mwaka upite huweza kuhesabiwa malipo tangu siku ya madai yake ya kwanza, na aliyechelewa kwa kawaida huhesabiwa tangu siku alipoanza upya. Hiyo yaweza kuwa tofauti ya fedha za miaka mingi.

WASAIDIZI NA WADANGANYIFU

Si lazima mtu aende peke yake. Vyama vya askari wastaafu, kama American Legion kilichoanzishwa mwaka 1919, vina watu wenye kibali cha Idara ambao husaidia bila malipo. Wakili mwenye kibali aweza kutoza baada ya uamuzi wa kwanza kutolewa, na ada isiyozidi 20 kwa mia ya malipo yaliyolimbikizwa huhesabiwa kuwa ya haki. Lakini sheria hairuhusu mtu ye yote kutoza fedha kwa kuandaa madai ya mara ya kwanza. Akija mtu asiye na kibali na kudai fungu la malipo ya kila mwezi, na afukuzwe mlangoni.

Tena mtu asikatae kwenda kwa mchunguzi kwa sababu amechukizwa na yule wa kwanza. Asiyetokea bila sababu nzuri aweza kukataliwa kwa ajili hiyo tu. Wala asiongeze chumvi. Akisema hawezi kutembea kabisa, kisha aonekane akitembea vema kutoka garini, hata maneno yake ya kweli yatatiliwa shaka. Na pengine mchunguzi yu sahihi: ikiwa daktari mwingine, baada ya kuzisoma karatasi zote, naye asema vivyo hivyo, ni hekima kulisikia neno lake.

Mali bila daftari huisha bila habari, na afya ya askari ni mali yake. Kijana aliye jeshini leo na aende kwa mtabibu kila aumiapo, ahakikishe kwamba limeandikwa, na aweke nakala. Yule aliyekwisha toka na ambaye barua yake ya kukataliwa imelala sandukuni, na aitoe leo, atazame tarehe iliyo juu yake, na ahesabu miezi iliyobaki.