Udongo wa Nyanda za Baridi, Ukitazamwa kutoka Unguja

Mbatata inayotiwa katika urojo pale Forodhani haikuota kisiwani. Pamoja na karoti na kebeji zinazoshushwa katika masoko ya Darajani na Mwanakwerekwe, huvuka bahari kutoka nyanda za juu za bara: Lushoto, Njombe, Makete, Mbeya. Mkulima wa Unguja aliyewahi kufika huko hurudi na swali moja. Mbona udongo wao ni mweusi na umejaa mboji, na wetu ama ni mwekundu, ama kichanga, ama mawe matupu? Mara nyingi hujijibu mwenyewe kwamba huko kuna rutuba na huku hakuna. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini limeacha nje jambo lililo kubwa kuliko yote, nalo ni joto.

Tuanze na Kitulo, uwanda ulio kiasi cha mita 2,600 juu ya bahari, kusini mwa Tanzania. Watu huuita Bustani ya Mungu kwa wingi wa maua yake, na mwaka 2005 ulitangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Jirani yake imesimama milima ya volkano, Rungwe, Ngozi na Kyejo. Yapata miaka 4,000 iliyopita Rungwe ulilipuka kwa nguvu na kutawanya majivu na mawe mepesi yenye matundu juu ya nchi yote ile. Majivu ya namna hiyo yakimeng'enyuka hayawi udongo wa mfinyanzi kama wa mabonde yetu ya mpunga. Hutoa chembe ndogo mno zenye uwazi ndani, wataalamu huziita alofani, ambazo hushika maji mengi ajabu na kujifunga na mboji hata isiweze kuliwa kwa urahisi na viumbe wa ardhini. Udongo huo ukiufinya mkononi ni mwepesi na laini, na maji yake huyaoni mpaka uukamue.

Hayo ni majivu. Sasa uongeze baridi. Kila mtu akipanda mita 1,000, hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 za Selsiasi. Wastani wa mwaka wa Unguja ni kama nyuzi 26, kwa hiyo nyanda za kimo cha Kitulo zimetuzidi baridi kwa nyuzi 15 hivi, na usiku wa kipupwe majani huamka na sakitu. Bakteria na kuvu wanaoozesha majani makavu hutegemea joto: likiongezeka kwa nyuzi 10, kasi ya kazi yao huongezeka takriban mara mbili. Kitulo nyasi huota, hufa, na kabla hazijaisha kuoza nyingine zimeshalala juu yake. Mwaka baada ya mwaka kinachoingia ardhini huzidi kinachooza, na weusi unaongezeka. Udongo wa mlima wa baridi ni kama jokofu: kilichowekwa ndani hakiharibiki upesi, na wala hakiliki upesi.

Hapo ndipo wengi tunapokosea tunapouona weusi tukadhani ni rutuba iliyo tayari. Naitrojeni imo kwa wingi, lakini imefungwa ndani ya mboji, na wanaopaswa kuifungua wamezubaa kwa baridi. Fosforasi nayo hunaswa na zile chembe za alofani hata mizizi isiifikie. Mkulima anaweza kutia mbolea ya kutosha na mmea ukapata sehemu ndogo tu. Isitoshe, mvua nyingi za mlimani huosha chokaa na kuuacha udongo na uchachu. Ndiyo maana wakulima wa mbatata wa nyanda za juu hununua mbolea kila msimu, ingawa wanalima udongo unaotutia wivu. Kwa udongo wenye uchachu, fosfati ya Minjingu kutoka Manyara hufaa, kwa sababu uchachu huiyeyusha kidogo kidogo. Mbolea hiyo hiyo ikitiwa juu ya mawe ya chokaa ya Makunduchi haiyeyuki ipasavyo, na pesa ya mkulima hubaki ardhini.

Na baridi ikizidi, hata mboji haipatikani. Juu ya mita 4,000 katika Kilimanjaro maji ya ardhini huganda usiku yakawa sindano za barafu zinazoinua mchanga na vijiwe, kisha jua la asubuhi huziyeyusha na kila kitu kuporomoka. Udongo unaosukwasukwa hivyo karibu kila siku haushiki mizizi michanga. Mimea michache huweza, kama ile mikubwa ya jamii ya senesio ambayo huacha majani yake makavu yauzunguke mti na kuukinga na baridi.

Turudi kwetu. Unguja haina mlima. Matuta yake ya juu kabisa, upande wa Masingini, yana kimo cha mita 120 hivi. Kinachotofautisha udongo mmoja na mwingine hapa kwetu ni jiwe lililo chini yake, na wazee waliupa kila mmoja jina. Magharibi na kaskazini kuna kichanga na kinongo, udongo mwekundu uliobaki baada ya chokaa kuoshwa na mvua za karne nyingi, na humo ndimo mikarafuu na minazi iliposhamiri. Mabondeni kuna kinamo, mzito na wa kunata, unaofaa mpunga. Mashariki na kusini, Paje, Jambiani, Makunduchi, ni maweni: mwamba wa matumbawe, ndio uliojenga Mji Mkongwe, na udongo wake umo mifukoni mwa mawe, pengine wa kina cha vidole vichache. Hapo chokaa ni nyingi mno, na mimea hukosa chuma na zinki hata majani mapya yakawa manjano huku mishipa imebaki kijani.

Joto la Unguja halilali. Jani la mwembe likianguka kwenye unyevu wa Masika huoza kwa miezi, si kwa miaka. Ungechukua magunia ya udongo mweusi wa Makete ukayamwaga Bwejuu, ungepata mavuno mazuri kwa muda, kisha viumbe wa ardhini, wakiwa wamepata joto wasilolijua, wangeanza kuimaliza mboji. Mbatata yenyewe isingekubali. Huunda viazi vyake vizuri udongo ukiwa kwenye nyuzi 15 hadi 18, na usiku ukiwa na joto hutoa majani mengi na viazi vichache. Usiku, Unguja ni mara chache joto kushuka chini ya nyuzi 20.

Nyanda zile nazo zina hatari yake. Udongo wa majivu ukilimwa, ukaanikwa na kukauka kabisa, hupoteza uwezo wake wa kushika maji na haurudishi wote hata mvua ikinyesha; huwa vumbi jepesi linalochukuliwa na upepo na kuporomoshwa na maji miteremkoni. Jembe huingiza hewa na joto, na mboji iliyochukua karne nyingi kukusanyika huanza kupungua katika maisha ya mtu mmoja. Sisi tunaokula mbatata hiyo tuna sehemu yetu katika jambo hili, na ningependa wanunuzi wa Zanzibar wajue bei ya gunia haioneshi udongo uliokwenda na maji.

Kwa maweni yetu, ambako joto humaliza mboji upesi, tusitafute kuweka akiba kubwa mara moja. Kinachofaa ni kulisha kidogo na mara nyingi: samadi kila msimu badala ya lori moja baada ya miaka mitano, matandazo ya makuti na majani yanayofunika mfuko wa udongo ili jua lisiupige, kunde au mbaazi zinazotia naitrojeni kati ya mahindi. Kuchoma konde hutoa majivu yenye potasiamu, na mkulima huona nguvu yake mwaka wa kwanza, lakini moto huteketeza majani ambayo yangekuwa mboji, na majivu huongeza ualkali mahali ambapo tayari upo wa kupita kiasi. Mwani uliotupwa ufukweni nao hufaa, mradi uachwe unyeshewe na mvua kwanza chumvi itoke.