SHEREHE YA MTOTO BILA DENI DUKANI

Katika kambi za jeshi na kota za polisi nchini Uganda, nyumba hupangwa safu kwa safu, na mara nyingi ukuta mmoja hutenganisha familia mbili. Lifanyikalo nyumba ya kwanza halifichiki nyumba ya pili. Mtoto wa sajini akifanyiwa sherehe ya siku yake ya kuzaliwa, mtoto wa konstebo husikia nyimbo, huona maputo ya rangi mlangoni, na jioni humwuliza mama yake: “Mama, yangu itakuwa lini?” Swali hilo ni dogo, lakini limewatia wazazi wengi katika daftari la madeni la mwenye duka.

Mambo huenda hivi. Keki huagizwa mjini. Kreti za soda huchukuliwa kwa mkopo. Maputo, kofia za karatasi na pipi hufuata, kila kimoja kikionekana kuwa cha bei ndogo. Mwisho wa mwezi, baba apokeapo mshahara, sehemu yake imekwisha liwa siku nyingi. Ikiwa mtoto alizaliwa mwezi wa Desemba au Januari, taabu huzidi, kwa kuwa mwaka wa masomo aghalabu huanza Februari, na karo, madaftari na sare vyangoja. Hapo furaha ya saa tatu hugeuka kuwa ugomvi wa miezi mitatu kati ya mume na mke.

Hata hivyo, kumnyima mtoto siku yake si dawa. Mtoto apenda kuhesabiwa miongoni mwa wenzake, na mzazi mwenye busara huijali haja hiyo. Dawa ni kulipa sehemu kubwa ya sherehe kwa kazi ya mikono na kwa muda, vitu ambavyo nyumba ya askari inavyo hata wakati fedha imekwisha. Tena watoto hukumbuka walichokifanya kuliko walichokitazama. Kofia aliyoikunja mwenyewe mtoto huiweka mwaka mzima. Puto hupasuka kabla ya magharibi.

HESABU KWANZA

Jambo la kwanza ni kujua idadi ya wageni. Na uchukuliwe mfano wa watoto 20, ambao ni kama watoto wa safu moja ya nyumba. Vitu vya dukani vitakavyohitajiwa ni hivi: unga wa ngano kilo 1 na robo, sukari kilo 1, hamira kidogo, mafuta ya kupikia, majarini, mayai 3, mahindi ya bisi robo kilo, unga wa muhogo kikombe kimoja, gundi kidogo, kibiringo kimoja cha uzi, na mpira mwembamba wa kushonea. Sokoni yatanunuliwa mapasheni 24.

Vitu hivi visinunuliwe siku moja. Mama mwenye kupanga vizuri huanza wiki nne kabla. Wiki ya kwanza hununua uzi, gundi na mpira wa kushonea. Wiki ya pili mahindi na unga wa muhogo. Wiki ya tatu sukari na mafuta. Na unga wa ngano, mayai na matunda huachiwa wiki ya mwisho ili visiharibike. Kila kimoja hulipwa kwa fedha taslimu. Haba na haba hujaza kibaba, na mwenye duka hana la kuandika.

SHANGA ZA KARATASI

Uganda inajulikana katika nchi nyingi kwa shanga za karatasi. Miongoni mwa walioieneza sifa hiyo ni wanawake waliokimbia vita vya kaskazini wakakaa Kireka, pembeni mwa Kampala, ambao waliongeza riziki yao kwa kukunja karatasi kuukuu na kuzifanya mapambo ya shingoni na mikononi. Kazi hiyo hiyo yaweza kufanywa na watoto wa kambini kuanzia umri wa miaka saba hivi, na huwapa wageni zawadi ya kurudi nayo nyumbani.

Hutafutwa kalenda ya mwaka uliopita, yenye karatasi nzito na rangi nyingi. Ukurasa wenye urefu wa sentimita 42 na upana wa sentimita 30 hupigiwa mistari kwa rula, kisha hukatwa vipande virefu vya pembetatu: kitako cha kila kipande kiwe sentimita 2, na kipande chenyewe kiwe na urefu wa sentimita 30, kikichongoka mpaka kufikia ncha. Vipande vikigeuzwa kimoja juu kimoja chini, karatasi haipotei, na ukurasa mmoja hutoa vipande vipatavyo 40.

Kitako cha kipande huwekwa juu ya njiti ya kiberiti au spoki ya baiskeli, kisha karatasi huviringishwa kwa kukazwa mpaka ncha. Ncha hupakwa gundi, na ushanga huchomolewa. Gundi ya dukani ikikosekana, kijiko kimoja cha chakula cha unga wa muhogo hukorogwa katika nusu kikombe cha maji baridi, kisha hupikwa juu ya moto mdogo mpaka uwe mzito na kung’aa. Gundi hii hufaa kwa siku moja au mbili, kisha huchacha. Shanga zikikauka hupakwa vanishi mara mbili, kazi ambayo hufanywa na mtu mzima, nje ya nyumba penye hewa. Zisipopakwa, mvua ya kwanza huzifumua.

Shanga 8 zikipitishwa mpira wa kushonea hutosha mkono wa mtoto. Kwa watoto 20, zitahitajika shanga 160, yaani kurasa 4 za kalenda. Watoto wa nyumba wakikunja shanga 16 kila jioni, kazi yote huisha kwa siku 10. Jioni hizo zenyewe ni sehemu ya sherehe, kwa kuwa mkubwa humfundisha mdogo, na baba aliye likizo huketi nao akakata karatasi.

KOFIA NA VIBENDERA

Gazeti lililokwisha somwa halitupwi. Ukurasa wake mpana hukunjwa katikati. Pembe mbili za juu hukunjwa zikutane mstari wa katikati. Na ukingo wa chini hukunjwa juu pande zote mbili. Hapo kofia imekwisha patikana. Siku ya sherehe, kila mgeni afikapo hupewa ukurasa mmoja, naye huikunja na kuipamba mwenyewe kwa mkaa au kalamu za rangi. Hivyo wale wafikao mapema hawakai bure wakigombana, na kila mmoja hupata kofia sawa na ya mwenzake, awe mtoto wa meja au wa askari wa kawaida.

Vibendera vya mlangoni hutengenezwa kwa masalio ya vitambaa ya fundi cherehani, ambayo aghalabu huyatoa bure au kwa bei ndogo sana. Hukatwa pembetatu zenye upana wa sentimita 15, zikashonewa kwenye uzi mrefu, kila moja ikiachana na nyingine sentimita 5. Uzi wa mita 6 huchukua vibendera 30. Kwa kuwa ni vya kitambaa, hufuliwa na kuwekwa. Wanawake wa safu moja wakikubaliana, vibendera hivi huhifadhiwa katika kisanduku kimoja pamoja na mikasi, vikombe na uzi, na kila nyumba hukiazima ifikapo zamu yake. Mashindano ya nani amepamba zaidi hupungua, maana mapambo ni ya wote.

CHAKULA NA KINYWAJI

Mandazi hufaa kuliko mikate ya kununua. Unga kilo 1 huchanganywa na sukari gramu 150, hamira vijiko viwili vya chai na chumvi nusu kijiko. Hukandwa kwa maji ya uvuguvugu nusu lita, au yakizidi kidogo, mpaka donge liwe laini. Hufunikwa saa moja liumuke, husukumwa, hukatwa na kukaangwa. Hutoka mandazi madogo yapatayo 40, yaani mawili kwa kila mtoto.

Kwa ajili ya mshumaa, keki moja ndogo yatosha. Majarini gramu 125 husagwa pamoja na sukari gramu 150, mayai 3 huongezwa moja moja, kisha unga gramu 250 uliochanganywa na vijiko viwili vya chai vya hamira ya keki, na maziwa kidogo. Nyumba isiyo na jiko la kuokea hutumia sufuria kubwa: mchanga mkavu hutandazwa ndani, sufuria ndogo yenye mchanganyiko huwekwa juu ya mchanga, na kubwa hufunikwa kwa mfuniko wenye makaa machache juu yake. Baada ya dakika 45 hivi, kijiti safi kikichomwa katikati kikatoka kikavu, keki imeiva.

Mapasheni 24 yakikamuliwa katika maji lita 4 yaliyochemshwa na kupozwa, pamoja na sukari gramu 400, kila mtoto hupata kikombe kimoja cha kujaa. Mahindi ya bisi robo kilo hutoa bisi zaidi ya lita 6, na hugawanywa katika pembe zilizoviringishwa kwa karatasi nyeupe safi. Gazeti lisitumiwe kufungia chakula, kwa kuwa wino wake huhamia kwenye mafuta.

MICHEZO ISIYONUNULIWA

Mpira hufungwa kwa majani makavu ya mgomba na kamba za mgomba wenyewe, kama watoto wa Uganda walivyofanya tangu zamani. Mpira huo hutumika pia katika kwepena, mchezo ambao wawili hurusha na aliye katikati hukwepa. Wakubwa hucheza mweso: ardhini huchimbwa mashimo 32, yaani safu 4 za mashimo 8, na huokotwa kokoto 64, nusu kwa kila mchezaji. Mweso hufunza hesabu na subira, na huwatuliza wale waliochoka kukimbia.

ZAWADI NA BABA ALIYE MBALI

Desturi ya kuwataka wageni waje na zawadi yafaa iachwe. Mtoto ambaye nyumbani kwao hakuna fedha huzuiwa kwenda, au huenda akijificha nyuma ya wenzake wakati zawadi zinapofunguliwa. Mama mwenye sherehe na atangaze mapema kwamba mgeni aje na wimbo, kitendawili au hadithi. Kila mmoja hutoa chake mbele ya wenzake, naye hupokea bangili yake ya shanga. Hakuna aondokaye mikono mitupu wala uso chini.

Baba wengi hawapo siku hiyo. Tangu Machi 2007 askari wa Uganda wamehudumu Somalia, na polisi huwa na kazi nyingi zaidi siku za sikukuu, wakati wengine wanapopumzika. Sherehe yaweza kusogezwa mpaka siku ya likizo ya baba, na mtoto akielezwa sababu mapema hukubali. Isipowezekana, mtoto hutengeneza bangili moja zaidi na kuchora karatasi ya sherehe, ambayo wageni wote huiandika majina yao. Baba arudipo hukuta kwamba alihesabiwa.

TAHADHARI

Karatasi na vitambaa viwekwe mbali na mshumaa na jiko, na mafuta ya moto yamalizike kutumiwa kabla wageni hawajafika. Shanga zisipewe watoto walio chini ya miaka mitatu, maana huzimeza zikawakaba. Kofia, mikanda na beji za kazini za baba zibaki kabatini. Ni vifaa vya serikali na havichezewi. Maganda ya risasi yasifanywe mapambo kamwe, na watoto wakumbushwe kwamba chuma chochote wasichokijua hakiokotwi: huachwa palepale, na mkubwa huitwa.

Jioni wageni wakiisha kwenda, watoto wa nyumba hufagia, huvikunja vibendera na kuvirudisha kisandukuni, na sukari iliyobaki hutia chai ya asubuhi. Siku ya mshahara ifikapo, mwenye duka hufungua daftari lake, na jina la nyumba ile halimo.